Uzi: Kreatinini ya mtoto mchanga tuisomeje? Njiti na aliyetimiza miezi

#1 TabibuTandahimba

Wakuu, habari za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao na kote kusini. Nafungua uzi wa jambo linalozua ubishi wodini kila mara: tunajuaje figo za mtoto mchanga zinafanya kazi kiasi gani?

Tuchukue mfano. Njiti wa wiki 31, kilo 1.4, urefu sm 40, siku ya pili ya maisha, anapata maziwa kwa mrija na anakojoa. Kreatinini inarudi 92 mikromoli kwa lita, na pembeni fomu imechapwa "kawaida 60–110". Mmoja anasema iko sawa, tuendelee. Mwingine anaiingiza kwenye programu ya simu, anajibiwa GFR (kasi ya figo kuchuja damu) 16 na onyo jekundu kwamba figo zimeshindwa.

Nani yuko sahihi? Na kwenye kituo cha afya ambako kreatinini haipimwi kabisa, tufuate nini?

#2 FigoNaMaji

Tabibu, wote wawili wamekosea. Wa 60–110 anamlinganisha njiti na mvuvi wa Mikindani mwenye misuli yake. Wa programu amekosea mara mbili: amepiga hesabu siku ambayo hesabu haina maana, halafu ametumia kanuni ya watoto wakubwa.

Tuanze na asili ya hiyo 92. Kreatinini ni taka ya misuli na inapita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, kwa hiyo mtoto anazaliwa na kreatinini ya mama yake. Mama akiwa na 60, mtoto wa saa sita atasoma karibu na hapo. Mama aliyekuwa na kifafa cha mimba na kreatinini ya 130, mtoto naye ataanzia huko hata kama figo zake ni nzima kabisa. Kipimo cha saa 24 za kwanza kinakueleza habari za mama. Ndiyo maana kreatinini ya mama, kama ilipimwa, iandikwe kwenye faili la mtoto siku ileile.

Baada ya hapo njia zinaachana. Aliyetimiza miezi tisa tumboni huanza kushuka ndani ya siku moja au mbili, na kati ya wiki ya kwanza na ya pili anafika 20 hadi 35. Njiti anapanda kwanza. Kilele chake ni siku ya 2 au ya 3, huchelewa zaidi kwa walio wadogo sana, kisha anashuka taratibu kwa wiki kadhaa. Uchujaji wake ni mdogo, na zaidi ya hapo mirija ya figo ambayo haijakomaa inairudisha kwenye damu sehemu ya kreatinini iliyokwisha kuchujwa. Njiti wa wiki 26 hadi 28 anaweza kugusa 100 au kuipita siku ya tatu bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kuhusu figo zenyewe: nefroni, yaani vichujio vidogo vya figo, humalizika kutengenezwa wiki ya 34 hadi 36 ya ujauzito, na asilimia 60 hivi hutengenezwa katika theluthi ya mwisho ya mimba. Wa wiki 31 bado anazitengeneza akiwa wodini kwako, huku anachomwa jentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo. Zikishakosekana, hazitengenezwi tena baadaye.

Kwa hiyo GFR ya kawaida ni ndogo kuliko macho yetu yalivyozoea. Aliyetimiza miezi anaanza na mililita 20 hivi kwa dakika kwa mita za mraba 1.73 za mwili, na hadi mwisho wa wiki ya pili iko 40 au zaidi. Njiti wa chini ya wiki 30 anaanza na 10 hadi 15 na kupanda kwake ni kwa pole. Ukitumia mipaka ya mtu mzima, watoto wote wa wodi hiyo watakuwa na figo zilizoshindwa.

#3 KijanaWaNewala

Nakazia hapo. Lakini daktari, kanuni ni ipi basi? Wengine wanasema 0.33, wengine 0.45, wengine 0.413.

#4 FigoNaMaji

Ni kanuni moja ya Schwartz, kinachobadilika ni kizidishi k:

GFR = k × urefu wa mtoto kwa sentimita ÷ kreatinini

Kreatinini ikiwa kwa miligramu kwa desilita, k ni 0.33 kwa njiti katika mwaka wa kwanza, na 0.45 kwa aliyetimiza miezi hadi umri wa mwaka mmoja. Ile 0.413 ilitoka 2009 kwa watoto wa kuanzia mwaka mmoja hadi 16. Kwa mchanga haihusiki, na ndiyo iliyoko kwenye programu nyingi za simu.

Maabara zetu nyingi zinatoa mikromoli. Zidisha k kwa 88.4: njiti anakuwa 29, aliyetimiza miezi 40, na ile ya watoto wakubwa 36.5. Sasa ule mfano wa Tabibu: 36.5 × 40 ÷ 92 ni 16, namba ya programu. Kwa k ya njiti ni 29 × 40 ÷ 92, yaani 12.6. Lakini hata hiyo 12.6 nisingeiandika kwenye faili, kwa sababu ni siku ya pili. Kanuni inadhani kreatinini imetulia, kinachoingia kwenye damu kinalingana na kinachotoka. Siku ya kwanza hadi ya tatu haijatulia kwa mtoto yeyote.

Mtoto huyohuyo siku ya 5 akiwa na 88 ni 13. Siku ya 12, urefu 41, kreatinini 58: 20.5. Hapo ndipo pana habari. Ameshuka, figo zinafunguka. Angekuwa siku ya 12 yuko 95, ningeacha kikokotoo na kumfuata mtoto mwenyewe kitandani.

Upande wa aliyetimiza miezi kuna jambo la kuangalia. k ya 0.45 ilitengenezwa enzi za kipimo cha Jaffe, njia ya zamani ya kupima kreatinini kwa kubadilika rangi. Uchambuzi uliochapishwa 2022 kwa waliotimiza miezi ulipendekeza 0.31 pale kreatinini inapopimwa kwa kimeng'enya. Jaribu: siku ya 7, sm 50, kreatinini 35. Kwa 40 unapata 57, kwa 27.4 unapata 39. Ya pili inakaa vizuri zaidi na GFR zilizopimwa moja kwa moja kwa watoto wa umri huo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua k, muulize mtu wa maabara mashine yake inatumia njia gani.

#5 MaabaraLindi

Nimeitwa, nimefika.

Vituo vingi vinatumia Jaffe kwa sababu kitendanishi chake ni cha bei nafuu. Tatizo ni kwamba pikrati, kemikali ya Jaffe, inageuka rangi kwa vitu vingine pia, na mtoto mchanga anavyo vingi. Bilirubini inashusha jibu, kwa hiyo mtoto mwenye manjano makali anaweza kuonekana ana figo nzuri kuliko zilivyo. Himoglobini ya kichanga kwenye sampuli iliyopasuka chembe inavuruga usomaji. Ketoni na baadhi ya antibiotiki za sefalosporini, hasa sefoksitini, zinapandisha. Halafu kuna mashine ambazo kiwandani zimewekewa kutoa kiasi fulani kufidia protini za mtu mzima. Mchanga ana protini kidogo, kwa hiyo inakatwa zaidi ya inavyostahili na jibu linatoka dogo. Kwenye kreatinini ya 200 hutaliona kosa hilo, kwenye 30 linaharibu kila kitu.

Ninachoomba kwa wodi:

Mfululizo wa mtoto mmoja upimwe kwa mashine moja na njia moja. Ukipima leo kwa Jaffe na kesho hospitali nyingine kwa kimeng'enya, tofauti ya mikromoli 15 inaweza isiwe na uhusiano wowote na figo.

Kisigino kipashwe joto kwanza, futa tone la kwanza, usikamue. Kukamua ndiko kunakopasua chembe, na potasiamu ya 7.8 inayotoka hapo inawatia watu presha bure. Usichukue damu juu ya mkono wenye dripu ya deksitrosi.

Tumia kichupa kidogo cha watoto, nusu mililita inatosha. Mtoto wa kilo moja ana damu mililita 80 hadi 90 tu. Ukimtoa mililita 2 kila siku kwa siku tano umemtoa zaidi ya sehemu ya kumi ya damu yake, halafu unashangaa anahitaji kuongezewa.

Sampuli inayotoka mbali kwa bodaboda itenganishwe seramu kabla ya safari. Damu nzima ikikaa saa nne kwenye joto letu, potasiamu inapanda na sukari inashuka.

#6 SistaMikindani

Naona mnaongea damu tu. Swali la pili la Tabibu lilikuwa la kituo kisicho na kipimo, na hapo jibu ni mkojo. Nitaeleza kirefu kidogo kwa sababu nepi ndiyo inayopimwa ovyo kuliko kitu kingine chochote wodini.

Karibu watoto wote wanakojoa ndani ya saa 24 za kwanza. Ikifika 48 bila tone, ni dharura. Ila muulizeni kwanza aliyekuwepo chumba cha kuzalia, wengi hukojoa palepale juu ya meza na hakuna anayeandika.

Gramu moja ya mkojo ni mililita moja. Kanuni ni nyepesi, shida iko kwenye mizani. Mtoto wa kilo 1.2 anayekojoa mililita 2 kwa kilo kwa saa, katika saa tatu anatoa gramu 7. Mizani ya kupimia watoto yenye hatua ya gramu 10 haiwezi kuiona gramu 7. Tafuta mizani ya jikoni ya dijitali yenye hatua ya gramu moja, iwe ya nepi peke yake, na uipime kila asubuhi kwa kitu cha uzito unaojulikana. Sindano yenye mililita 20 za maji inatosha: ipime tupu, ipime imejaa, tofauti iwe 20.

Nepi ipimwe ikiwa kavu, uzito uandikwe kwa kalamu kwenye nepi yenyewe au kwenye karatasi ya plasta. Akina mama wetu wanaleta vipande vya kanga na vitenge, na havilingani hata kidogo. Kimoja kina gramu 25, kingine 60. Usikariri uzito mmoja kwa vyote.

Badilisha kila saa tatu pamoja na ratiba ya maziwa. Ukiivua, ikunje sehemu ya maji iwe ndani, itie kwenye mfuko wa plastiki, pima ndani ya nusu saa. Nepi ya kitambaa iliyo wazi chini ya mashine ya joto au taa za kutibu manjano inakauka huku unaitazama, na utaandika kwamba mtoto hakojoi. Pampasi inashika maji vizuri zaidi. Kwenye inkubeta yenye unyevu mwingi ni kinyume chake, nepi inanyonya unyevu wa hewa na mkojo unaonekana mwingi.

Nepi yenye choo: weka kipande cha pamba mbele ya sehemu za siri na ukipime chenyewe. Ikiwa vimechanganyika kabisa, andika hivyo na uondoe hizo saa tatu kwenye hesabu. Usiandike sifuri. Mfano: nepi saba zina jumla ya gramu 40 baada ya kutoa uzito mkavu, ya nane imechafuka. 40 ÷ 1.2 ÷ 21 ni 1.6. Ukigawa kwa 24 unapata 1.4, na kwa mtoto aliye ukingoni tofauti hiyo inaweza kumwita daktari usiku bila sababu.

Siku ya kwanza mkojo unaweza kuwa kidogo, hata chini ya 1. Kuanzia siku ya pili, chini ya mililita 1 kwa kilo kwa saa umuite daktari. Siku ya 2 hadi 4 watoto wengi hufungulia sana na kufika 4 au 5. Hiyo ni kawaida, ni maji ya mwilini yanatoka, usikimbilie kuongeza dripu kuyafidia yote.

Madoa ya rangi ya waridi kama vumbi la matofali kwenye nepi ni chumvi za yureti. Si damu. Tazama kama mtoto anapata maziwa ya kutosha.

#7 KijanaWaNewala

Sista, na mtoto akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi? Huko nepi tunaipimaje?

#8 SistaMikindani

Vilevile. Mama ndiye mpimaji mzuri kuliko sisi. Mpe mifuko miwili, ya nepi kavu zilizopimwa na ya zilizolowa, mwonyeshe mara moja. Unachotakiwa kuzuia ni ile tabia ya bibi kufua nepi palepale kabla haijapimwa.

Na uzito wa mtoto kila siku, saa ileile, mizani ileile, bila nguo. Aliyetimiza miezi hupoteza hadi asilimia 10 siku za mwanzo, njiti hadi 15. Mtoto ambaye siku ya tatu amepanda uzito huku mkojo ni kidogo, hajanenepa huyo, amejaa maji.

#9 DaktariMasasi

Naongezea kitu ambacho kinasahaulika: mkojo wa kutosha hauthibitishi kwamba figo ni nzima. Kwa watoto wachanga kuumia figo huku mkojo unatoka ni jambo la kawaida, hasa baada ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na baada ya jentamaisini. Kwa hiyo kituo kisicho na kreatinini kinaweza kumkamata asiyekojoa, lakini hakiwezi kumtangaza anayekojoa kuwa salama.

Binafsi pia napima sodiamu ya mkojo na kupiga hesabu ya sehemu ya sodiamu iliyochujwa inayopotea kwenye mkojo. Ikizidi asilimia 3, najua figo yenyewe imeumia, si upungufu wa maji tu.

#10 FigoNaMaji

Daktari, la kwanza nakubali lote. La pili nakubali nusu. Kwa aliyetimiza miezi, mpaka wa 2.5 hadi 3 unasaidia, mradi mkojo umechukuliwa kabla ya furosemidi, dawa ya kukojosha. Kwa njiti wa chini ya wiki 32 kipimo hicho kinadanganya. Mirija yake inamwaga sodiamu kwa asili, anaweza kufika asilimia 5 au 6 akiwa hana tatizo lolote. Ukimtibu kwa namba hiyo utamnyima maji mtoto aliyekauka. Kwake angalia uzito, sodiamu ya damu, mapigo ya moyo na mwelekeo wa kreatinini.

#11 DaktariMasasi

Hapo kwa njiti sikupingi. Kwa waliotimiza miezi nabaki nacho.

Tuweke pia ngazi za kuumia figo ili wote tuongee lugha moja. Zinazotumika sasa ni za KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, zilizorekebishwa kwa wachanga. Msingi wa kulinganisha ni kreatinini ya chini kabisa ambayo mtoto amewahi kuwa nayo:

Ngazi ya 1: kupanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48, au mara 1.5 hadi 1.9 ya ile ya chini ndani ya siku 7. Au mkojo chini ya 1 kwa kilo kwa saa, kwa saa 24.

Ngazi ya 2: mara 2 hadi 2.9, au mkojo chini ya 0.5 kwa saa 24.

Ngazi ya 3: mara 3 au zaidi, au kreatinini kufika 221, au mtoto kuhitaji kusafishwa damu. Kwa mkojo, chini ya 0.3 kwa saa 24.

Ona kwamba GFR haimo humo. Utafiti wa AWAKEN wa 2017, hospitali 24 za nchi nne, ulitumia vigezo vya aina hii na kukuta watoto 605 kati ya 2,022 waliumia figo. Walio hatarini zaidi walikuwa wa chini ya wiki 29, karibu nusu yao, halafu waliotimiza miezi, zaidi ya theluthi. Wa katikati walikuwa asilimia 18. Hao waliotimiza miezi ni watoto waliolazwa wagonjwa, wengi wao sababu ni kukosa hewa na maambukizi, si kila mtoto anayezaliwa.

#12 MfamasiaNachingwea

Mimi nina neno moja kwa wanaobadilisha dozi kwa GFR ya kikokotoo: msifanye hivyo kwa mchanga. Dozi za watoto wachanga zimepangwa kwa wiki za ujauzito, siku za maisha na uzito, na ndani yake ukuaji wa figo umeshahesabiwa. Ukipunguza tena kwa GFR umepunguza mara mbili, na mtoto anakufa na maambukizi.

Jentamaisini kwa mwongozo wa WHO: wiki ya kwanza, uzito pungufu 3 mg kwa kilo mara moja kwa siku, uzito wa kawaida 5 mg kwa kilo. Kuanzia wiki ya pili 7.5 mg kwa kilo. Ampisilini 50 mg kwa kilo kila saa 12 wiki ya kwanza, kisha kila saa 8.

Makosa mengi hutokea kwenye kichupa. Cha watu wazima ni 80 mg kwa mililita 2, yaani 40 mg kwa mililita. Njiti wa kilo 1.2 anahitaji 3.6 mg, ambayo ni mililita 0.09. Hakuna anayeivuta hiyo kwa usahihi, na dawa iliyobaki kwenye shingo ya sindano peke yake inaweza kukaribia kuwa dozi nyingine nzima. Vuta mililita 1 ya dawa, ongeza salini hadi mililita 4. Sasa una 10 mg kwa mililita. Vuta mililita 0.36 kwa sindano ya mililita moja. Kama kuna kichupa cha 20 mg kwa mililita 2, tayari ni 10 mg kwa mililita, usikichanganye tena. Watu wamezoea kuchanganya, hata hicho wanakichanganya, mtoto anapata robo ya dozi.

#13 DaktariMasasi

Mfamasia, na mtoto aliyekwisha kukauka mkojo je? Huyo utampa kila saa 24?

#14 MfamasiaNachingwea

Hapana. Dozi ya kwanza mpe kamili, kila mtu. Ya pili subiri: mkojo ukiwa chini ya 1, au kreatinini inapanda, refusha muda uwe saa 36 au 48. Usipunguze kiasi cha dozi. Jentamaisini inaua vijidudu kwa kilele chake na inaumiza figo kwa mabaki yasiyoshuka. Kuna miongozo ambayo tayari inawapa wa wiki 29 na chini 5 mg kwa kilo kila saa 48 katika wiki ya kwanza, kwa sababu hiyohiyo. Pale ambapo kiwango cha dawa kwenye damu hakipimwi, muda ndio usukani wako. Na ikiwa uko ngazi ya 2, ongea na daktari abadilishe dawa kabisa.

Angalia na dawa nyingine zilizopo kwenye chati. Ibuprofeni ya kufunga ule mshipa wa karibu na moyo ambao ulipaswa kujifunga baada ya kuzaliwa inabana damu ya figo. Ikikutana na jentamaisini siku ileile, pima kreatinini kabla ya kila dozi.

#15 FigoNaMaji

Nakazia. Upande wa pili wa sarafu, kafeini kwa ajili ya kupumua imehusishwa na kuumia figo kwa uchache kwa njiti, uchambuzi wa AWAKEN wenyewe uliona hivyo. Kwa waliokosa hewa vibaya, KDIGO ya 2012 inapendekeza kwa nguvu ndogo dozi moja tu ya teofilini, na tafiti zilitumia 5 hadi 8 mg kwa kilo ndani ya saa ya kwanza. Kumbuka aminofilini si teofilini tupu, teofilini ndani yake ni asilimia 80 hivi. Hilo ni la bingwa kuamua. Kituoni usilifanye kwa kusoma uzi huu.

Maji kwa asiyekojoa: kwanza hakikisha kibofu hakijajaa. Kama amekauka na moyo hauna shida, salini mililita 10 kwa kilo kwa nusu saa hadi saa moja. Asipojibu, usirudie rudie. Mpe maji yanayopotea kwa ngozi na pumzi, 30 hivi kwa kilo kwa siku kwa aliyetimiza miezi, zaidi kwa njiti hasa akiwa chini ya mashine ya joto, ukiongeza kiasi alichokojoa. Ondoa potasiamu kwenye dripu. Sukari ipimwe, kwa sababu ukipunguza maji umepunguza na deksitrosi.

#16 PichaNaMawimbi

Mtu wa ultrasaundi hapa. Kabla hamjasema figo zimeshindwa, nileteeni mtoto, hata mashine ndogo inatosha.

Naanza na kibofu. Kikiwa kimejaa kwa mtoto asiyekojoa, tatizo liko chini, si kwenye figo. Mtoto wa kiume mwenye kibofu kigumu, ukuta mnene, na mkojo unaodondoka bila kuruka, ni vali za njia ya mkojo (vijikunjo vinavyoziba mkojo usitoke) hadi ithibitishwe vinginevyo. Mrija wa kulishia namba 5 unatumika kama mpira wa mkojo, usiolazimishwa. Baada ya kufungua anaweza kukojoa kupita kiasi kwa siku kadhaa, Sista ajiandae na nepi.

Urefu wa figo kwa milimita unakaribiana na wiki za ujauzito: wa wiki 31 figo ya mm 31 hivi, aliyetimiza miezi 40 hadi 50. Gamba la figo la mchanga kung'aa sawa na ini ni kawaida, msiliandikie ugonjwa. Na kama mimba ilionyesha figo zilizopanuka, picha ya siku ya kwanza inaweza kuwa safi kwa sababu mkojo bado ni mdogo. Rudieni baada ya siku 3 hadi 7. Isipokuwa vali zinapohisiwa, hapo usisubiri.

#17 TabibuTandahimba

Shukrani wakuu. Mawili ya mwisho. Urefu unapimwaje kwa mtoto aliyefungwa mirija ya hewa? Na sistatini C, ile protini ya damu inayopimwa badala ya kreatinini, nasikia ndiyo jibu la haya yote?

#18 FigoNaMaji

Sistatini C haipiti kondo la nyuma kwa kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo haina kelele za mama, hilo ndilo zuri lake. Lakini maambukizi, steroidi na tezi ya shingo vinaiyumbisha, inagharimu, na huku kwetu hutaipata kwa urahisi. Isikuzuie kufanya kazi na ulichonacho.

Urefu: kibao cha kupimia, watu wawili, mmoja kichwa, mmoja ananyoosha magoti. Tepu juu ya mtoto aliyejikunja inakosea sm 2 au 3. Lakini weka uzito wa makosa mahali pake. Sm 2 kwenye 40 ni asilimia 5. Mikromoli 10 kwenye kreatinini ya 50 ni asilimia 20. Mtoto akiwa mahututi usimsumbue kwa ajili ya urefu, tumia wa kuzaliwa.

Na aliyetimiza miezi ambaye ananyonya, anakojoa na hana dalili, usimpime kabisa. Kwa wengine panga kipimo saa 48 hadi 72, kisha siku ya 5 hadi 7, kisha kufuatana na dawa na hali.

#19 DaktariMasasi

Wa rufaa pia. Ukipiga 115 kuomba gari la m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na wachanga, kwa mtoto wa figo, mpokeaji anataka: wiki za ujauzito na zimepatikanaje, siku na saa za maisha, uzito wa kuzaliwa na wa leo, mkojo kwa kilo kwa saa wa saa 24 za mwisho, kreatinini zote na tarehe zake pamoja na ya mama, potasiamu na kama sampuli ilipasuka, saa ya dozi ya mwisho ya jentamaisini.

Potasiamu ya kweli ikizidi 7 au moyo ukibadilika mapigo, kalsiamu glukoneti asilimia 10, mililita 0.5 hadi 1 kwa kilo, polepole kwa dakika 5 hadi 10, moyo ukisikilizwa, kabla gari halijaondoka. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, hakikisha kanula ni nzima. Anayeelekea Dar kusafishwa damu kwa njia ya tumbo apelekwe mapema. Mvua zikikata barabara pale Somanga kama 2024, saa za kusubiri zinakuwa nyingi.

#20 MaabaraLindi

Tabibu, na ile fomu yako ya 60–110 irekebishwe. Mwambie mtu wa maabara afute viwango vya mtu mzima kwa aliye chini ya siku 28, aache nafasi tatu: siku za maisha, wiki za ujauzito, na kreatinini iliyopita na tarehe yake. Juu aandike njia iliyotumika, Jaffe au kimeng'enya. Kama mfumo wa kompyuta haukubali, mhuri wa mpira unafanya kazi hiyo vizuri tu.